Hakuna Aliyeonja

Tarehe 4 Februari

Dada,

Mwalimu wa darasa la tatu alisema jana kwamba binti yangu Mheshimiwa hajala chakula cha mchana shuleni tangu muhula uanze. Aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye lango la shule, ameshika kontena la mtoto. Ndani yake kulikuwa na mkate niliouweka mwenyewe asubuhi, umeng'atwa mara moja pembeni, kama mtu aliyetaka tu kuhakikisha kuwa ni mkate. Biskuti zilikuwa zimeliwa, soda imekwisha. Mwalimu alisema biskuti na soda si chakula. Hilo alilisema mara mbili.

Kliniki wamempima. Muuguzi alidhani mizani imekosea, akamshusha, akaifuta mizani vumbi, akampandisha tena. Mizani haikuwa imekosea. Mheshimiwa ana miaka minane na uzito wake umepitwa na wa mdogo wake Bonge mwenye miaka sita. Mama mkwe alikuwepo, kwa sababu siku hizi kila nikienda mahali na watoto yeye yupo. Tulipotoka nje alisema mtoto atapimwa tena tarehe 12 Juni, na kama mstari kwenye kadi bado unashuka, atawachukua wote wawili wakaishi kwake. Hakugomba. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Mama yao alipokuwa hai, mtoto alikuwa anakula. Huo ni ukweli na mama mkwe anaujua.

Nimekaa nikakumbuka kitu kimoja. Ulipokuja kwetu mwaka juzi ulipika ule wali wa kukaanga na yai, wa huko Asia mnaoupika kazini kwenu. Mheshimiwa alikula bakuli mbili, akaomba la tatu. Tangu hapo sikumbuki chakula kingine alichokiomba yeye mwenyewe. Nifundishe kuupika. Usinifundishe kwa simu. Wiki iliyopita kwenye simu ulisema "tia kidogo" kuhusu vitu vinne tofauti, na nilipouliza kidogo ni kiasi gani ukacheka mpaka laini ikakatika. Niandikie, kwa vijiko na vikombe. Nitafuata kama ulivyoandika. Sitaongeza neno wala kupunguza.

Bonge hajambo. Anakula mpaka chakula cha paka wa jirani tukimwachia mlango wazi.

Mdogo wako


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Niliposoma barua yako nilidhani ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nikawa natafuta hali ya hewa mwishoni. Umekaa gazetini miaka mingi mpaka umesahau kuwa mimi ni dada yako, si msomaji wako.

Hapa wazima. Mwezi uliopita homa ilinilaza siku kadhaa, imepita, usiulize. Bi Mkubwa mwenye mgahawa anazidi kuwa mfupi na sauti inazidi kuwa ndefu. Mzee wa Vyombo, yule anayeosha sahani na masufuria yetu, amepata mjukuu wa kike na amekuja na picha yake kazini. Ameibandika juu ya sinki inaloa maji kila siku.

Sasa tuje kwenye lililokuleta. Mtoto hajashindwa kula, ameshindwa mkate wako. Mimi pia ningeushindwa. Acha biskuti, acha soda, leo hii. Mpe maji na chungwa lililokatwa vipande, usimpe zima, maana zima ni kazi na shuleni hakuna mtu wa kummenyea.

Wali. Karai langu nililiacha kwenu chini ya sinki. Lichukue, usilisugue kwa waya. Wali uwe umelala: upike jioni, uutandaze kwenye sinia upoe, funika, uweke mahali pa baridi hadi asubuhi. Wali wa moto ukiukaanga unakuwa uji wenye mafuta. Asubuhi loanisha mikono, uuchambue punje kwa punje. Vikombe vitatu vya wali vinawatosha nyote. Mayai mawili, yapige. Karoti moja uikate vipande vidogo kama punje za mahindi. Njegere kiganja kimoja, kiganja chako, si cha Bonge. Mafuta vijiko viwili vya chakula. Yakianza kutembea kwenye karai kama maji juu ya kioo, yako tayari. Mayai kwanza, yakoroge, yatoe yakiwa bado laini. Kisha tangawizi iliyosagwa, nusu kijiko cha chai, na karoti na njegere. Kisha wali. Hapo sikiliza. Wali unatakiwa unong'one. Ukipiga kelele, moto ni mkali. Ukinyamaza, umeuua. Vijiko viwili vya chai vya sosi ya soya, umimine pembeni mwa karai na siyo juu ya wali. Rudisha mayai, tia vitunguu majani, epua.

Vipimo hivi nimevizoea kiasi kwamba nikiamshwa usingizini nitavitaja. Vingine nitakavyokupa itabidi nivitengeneze upya, kwa sababu vya mgahawani ni vya watu wazima, vina pilipili za kutosha kumtoa mtu machozi ya mwaka mzima. Kila nitakachokuandikia nitakuwa nimekipika wiki hiyohiyo kwa mkono wangu. Cha kukumbuka tu sikupi.

Na wewe unakula nini siku hizi? Hukuandika.

Dada yako


Tarehe 7 Machi

Dada, shikamoo.

Nimeanza na salamu. Hayo ni marekebisho yaliyoombwa na msomaji.

Tuko salama. Pua ya Bonge inatiririka na yeye hana habari nayo. Kazini mhariri amenihamisha kutoka mahakamani kwenda baraza la mji, ambako watu wanadanganya kwa sauti ya chini zaidi.

Mheshimiwa ameupitisha wali wako. Niliupika kama ulivyoandika, kuanzia sinia hadi kunong'ona. Aliutazama muda, akauliza nani amepika. Nikasema mimi. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema shangazi yako. Akavuta sahani. Alikula nusu, na kesho yake nikaweka kwenye kontena, na mwalimu akasema lilirudi tupu, na kwamba aliuza kijiko kimoja cha wali kwa rafiki yake kwa kipande cha embe. Mwalimu alisema anahesabu embe pia kuwa chakula.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili aliinua kifuniko, akasema, "Wali tena?" Unajua kwa nini tunamwita Mheshimiwa. Akishasema "tena", hoja imerudishwa na haijadiliwi.

Kwa hiyo nahitaji kitu cha pili na cha tatu, kinachoweza kuliwa kimepoa, chenye mboga ndani ambayo haiwezi kuchambuliwa na kuwekwa pembeni. Amegundua njegere zinatoka moja moja.

Mama mkwe alipita Jumapili. Alifunua sufuria, akatazama ndani, akafunika. Kalenda yetu ya jikoni ameizungushia duara jekundu kwenye tarehe 12 Juni. Alitumia kalamu yangu.

Nasubiri barua yako.

Mdogo wako


Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huo ndio uungwana, endelea hivyohivyo.

Sisi tupo. Bi Mkubwa ana kisirani mwezi huu, anasema supu yangu imebadilika, anasema wateja wanaacha nusu bakuli. Wateja siku hizi wamekuwa wagumu, kila mtu anajua kupika kupitia simu yake. Mjukuu wa Mzee wa Vyombo ameota jino. Picha mpya iko juu ya sinki.

Hongera kwa wali. Sasa tambi. Hizi zinaliwa baridi, kwa hiyo kontena haliziharibu. Nimezipika Jumapili mara mbili, nikapunguza pilipili hadi ikaisha kabisa, kwa ajili ya Mheshimiwa.

Chemsha tambi za pakiti moja, zitoe zikiwa bado zinabisha kidogo kwenye meno, zisuuze kwa maji baridi hadi zisinate. Piga mayai mawili, yakaange mapana na membamba kama kitambaa, yapoe, yaviringishe, yakate nyuzinyuzi. Tango na karoti kata nyuzi hizohizo, unene uleule. Hapo ndipo mbunge wako anashindwa: kila kitu kikiwa uzi mmoja, hawezi kujua kipi ni karoti mpaka kimeshafika mdomoni. Ufuta vijiko viwili, ukaange mkavu hadi uanze kuruka. Rojo lake: sosi ya soya vijiko sita vya chakula, chumvi vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta ya ufuta kijiko kimoja. Changanya kwa mikono. Rangi iwe kama mbao iliyopakwa mafuta. Zikiteleza kati ya vidole bila kushikana, umepatia.

Mara ya pili nauliza: wewe unakula nini?

Dada yako


Tarehe 8 Aprili

Dada,

Leo naandika bila salamu na utanisamehe.

Juzi Jumatatu niliamka mapema nikapika tambi zako. Nilipima kila kitu. Mheshimiwa alifurahi alipoziona. Alisema zinafanana na nywele za mwanasesere. Shuleni aliwatangazia wenzake kuwa shangazi yake ni mpishi wa mgahawa mkubwa wa vyakula vya Asia na leo wataonja. Wasichana watatu walikuja na uma zao. Wa kwanza alitema kwenye leso. Wa pili alitema chini. Wa tatu hakuonja, alikimbia kuwaambia wengine. Hadi kengele inalia walikuwa wameshampa jina: Mama Chumvi. Habari hii nimeipata kwa mwalimu, na mwalimu alisema amewakanya, na alisema kukanya huko hakutasaidia.

Mheshimiwa alifika nyumbani akaweka kontena nje, juu ya pipa la taka, akaja akakaa. Nikamwambia sikuelewa, kwa sababu nimefuata kama ulivyoandika.

Akasema, "Shangazi hakuonja hizi."

Nikamwambia shangazi yake ni mpishi, na mpishi anaonja kabla ya mtu yeyote.

"Na wewe hukuonja."

Nikasema asubuhi nina haraka, na isitoshe mimi napeleka nilichopewa, siongezi langu. Alinitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikirudi nyumbani bila nilichotumwa.

"Kwa hiyo hakuna aliyeonja," akasema. Akaenda kulala bila kula.

Nilikwenda jikoni nikaonja zilizobaki kwenye sufuria. Nilikunywa maji bilauri mbili.

Mama mkwe ameshapata habari. Bonge alimweleza, kwa furaha. Alisema tu kwamba Juni haiko mbali.

Dada, kwa kazi yangu nimejifunza kuuliza swali moja na kusubiri jibu moja. Ulizionja?

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Poleni sana. Mwambie Mheshimiwa pole.

Hapa mvua zimeanza, paa la stoo linavuja kwenye magunia ya unga na tumeyahamisha mara mbili. Bi Mkubwa amenunua mapazia mapya. Nadhani vijiko vyenu huenda ni vikubwa kuliko vyetu, viko vya aina nyingi madukani siku hizi, au sosi ya soya ya huko ni kali zaidi.

Wiki hii kazi ni nyingi. Sikupata nafasi ya kupika kitu cha kuwaandikia.

Salimia watoto.

Dada yako


Tarehe 5 Mei

Dada, shikamoo.

Tunaendelea. Bonge amekwenda na kijiko chetu kazini kwangu na kukilinganisha na cha mama wa kantini. Vinalingana. Sosi ya soya nimempelekea huyo mama akailamba kwenye kidole, akasema ni ya kawaida.

Sikuulizi tena. Nimerudi kwenye wali, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine yai la kuchemsha na viazi. Mheshimiwa anakula robo. Kontena lilikaa juu ya pipa siku tatu, hakuna aliyeligusa, wala mzoa taka. Siku ya nne nilikuta limeoshwa na limerudi kabatini. Sijui lilirudije, na sikuuliza.

Ameniomba nimwachie nafasi kwenye karatasi hii. Sijasahihisha kitu.

Mdogo wako

Shangazi shikamoo. Mimi sijambo. Kontena nimelichukua kwa sababu ni langu. Ulipokuja kwetu ulikuwa unaonja na kijiko cha mbao halafu unanipa mimi, unaniuliza bado nini, nikasema bado ndimu, ukatia ndimu. Sasa hivi nani anakwambia bado nini? Kama hakuna mtu mimi nipo. Lakini niko mbali. Baba haonji kwa sababu hali na sisi, anasema ameshiba kazini. Sijakasirika na tambi. Zilikuwa nzuri kwa kutazama.


Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba kwa Mheshimiwa, ambaye barua yake nimeisoma nikiwa nimesimama stoo, na nikaendelea kusimama humo muda.

Jibu la swali lako ni hili. Nilizionja. Nilionja kijiko baada ya kijiko, nikaongeza chumvi kila mara, hadi nikasikia kitu kidogo kwenye ncha ya ulimi nikasema hapo ndipo. Tangu ile homa ya Januari sisikii ladha wala harufu. Kitunguu saumu kikiungua karibu yangu, najua kwa moshi. Daktari alisema huenda vikarudi baada ya miezi, huenda visirudi, na hakuna dawa ya kuandika. Mpishi asiyesikia ladha ni kama wewe uende barazani na masikio yamezibwa pamba, halafu urudi uandike walichosema.

Sikumwambia mtu isipokuwa Mzee wa Vyombo. Alikuwa ananionjea kwa siri. Tatizo la Mzee wa Vyombo ni kwamba kwake kila kitu ni poa. Supu poa, mchuzi poa. Siku moja nilimpa maji ya kuoshea mchele kwa kumjaribu. Akasema poa, ila yanataka kitunguu.

Barua ya Mheshimiwa ilifika Ijumaa. Jumatatu nikamwambia Bi Mkubwa. Nilijua atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Akanitoa kwenye karai na kuniweka kwenye unga: kukanda, kusukuma, kufunga vile vifuko vya unga vyenye nyama, vinavyopikwa kwa mvuke. Alisema mikono yangu haijaumwa homa. Karai amepewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika mwiko. Sikulipenda jambo hilo na silipendi hata leo. Lakini vifuko vyangu havipasuki, na kuanzia Jumatatu hiyo hakuna bakuli lililorudi nusu. Amenipa likizo ya mwezi pia. Nimekata tiketi ya basi la tarehe 26 Juni, nitafika kwenu kesho yake.

Najua 12 Juni inatangulia. Kwa hiyo hatungoji basi.

Kuanzia sasa tunafanya hivi. Mimi nakuandikia kila kitu isipokuwa chumvi, sosi ya soya, sukari na ndimu. Hivyo vinne sitaviandika kabisa. Hivyo ni vya Mheshimiwa. Mpe kigoda asimame kando ya meza, mbali na moto, na kijiko cha mbao. Aongeze tone kwa tone, aonje kila mara, na kila mara umuulize bado nini. Usimjibie. Akimaliza kuonja, onja wewe. Wewe, siyo Bonge. Bonge hata ukimpa sabuni atasema ongeza. Mkipatana, ndipo chakula kinaingia kwenye kontena. Kipimo chake mnipe nikija, nitakipeleka kwa Bi Mkubwa. Amesema anakitaka, hajawahi kupikia watoto wa shule, na kuna shule mbili mtaani kwetu.

Vifuko. Unga wa ngano vikombe viwili, maji ya moto robo tatu kikombe, kanda hadi uwe laini kama ndewe ya sikio. Funika kwa kitambaa kibichi upumzike muda wa kuoga na kuvaa. Ndani: nyama ya kuku ya kusaga, kabichi iliyokatwa ndogo na kukamuliwa maji kwa nguvu zako zote, karoti iliyokunwa, tangawizi, vitunguu majani. Nyama mbichi mtoto asionje. Chukua kidonge kidogo, kikaange kiive, aonje hicho, mkirekebisha kaangeni kingine. Sukuma unga uwe duara, katikati mnene kuliko kingo. Weka kijiko kimoja cha nyama, kunja, bana kingo kwa vidole. Pika kwa mvuke hadi ngozi yake ing'ae. Vya kwanza vitakuwa vibaya kama masikio ya bondia. Vipike hivyohivyo.

Sasa mara ya tatu, na safari hii nimeshapewa nusu ya jibu na mtoto wa miaka minane. Hali na sisi, ameandika. Unakula nini, mdogo wangu, na unakulia wapi?

Dada yako


Tarehe 13 Juni

Dada, shikamoo.

Muuguzi alisema jana kwamba Mheshimiwa ameongezeka kilo moja na nusu na mstari kwenye kadi umegeuka juu. Haujafika panapotakiwa. Muuguzi alisema ukiendelea hivi utafika mwisho wa mwaka, na ataendelea kumpima kila mwezi. Mama mkwe aliomba mizani ihakikishwe. Kisha akavua viatu akapanda mwenyewe, akasoma, akashuka, akavaa viatu, na hakuzungumzia mizani tena.

Nakueleza ilivyokuwa. Barua yako ilifika zikiwa zimebaki kama wiki mbili, na tulianza jioni hiyohiyo. Vifuko vya kwanza vilipasuka vyote, tukavila kwa kijiko kama supu. Mheshimiwa alisimama kwenye kigoda kama spika. Nilimuuliza bado nini, akasema bado chumvi, akatia, akaonja. Bado nini. Bado ndimu. Bado nini. Alifikiri, akaniambia, "Onja wewe kwanza, kisha useme." Nikaonja. Nilisema naona bado tangawizi. Akaonja tena akakubali, na nakuambia nimewahi kupata habari kubwa ukurasa wa kwanza na sikufurahi namna ile.

Kilichotokea baadaye nilikiona kabla ya kukielewa. Mtu anayeonja mara kumi ameshakula nusu sahani. Anapofika mezani anamalizia. Na kwa kuwa kapika yeye, hakubali kirudi nyumbani. Kontena linarudi tupu kila siku. Karoti anazikata yeye mwenyewe sasa, nyuzi za kwenye tambi, na amemkataza Bonge kuzichambua.

Tambi zako amezitengeneza upya. Sosi ya soya vijiko viwili, chumvi hakuna kabisa, ndimu nusu. Alizipeleka shuleni mwenyewe, sikumshauri. Wasichana wale bado wanamwita Mama Chumvi. Ila sasa wanamwita wakiwa wamekuja na uma, na mwalimu alisema Mheshimiwa huwapanga foleni.

Umeniuliza mara tatu. Tangu mama yao afariki nilikuwa nakula kantini saa nane, na jioni nikifika nawawekea watoto sahani, mimi nasimama jikoni nikisema nimeshiba. Sikutaka kukaa mezani, na sikuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba kiti chake kiko pale. Sasa nimelazimika kuonja, na ukishaonja huwezi kusema umeshiba. Nakula wanachokula wao, mezani, saa moja jioni. Mama wa kantini ameniuliza kama nimehamia gazeti lingine.

Nje ya kliniki mama mkwe alisema, "Wabaki." Akatembea kidogo, akageuka. "Lakini nataka nije nile nione nani anapika." Nikamwambia anapika mjukuu wake. Akasema atakuja na kijiko chake.

Basi lako linafika Jumamosi tarehe 27 alasiri, nitakuwa stendi na watoto. Usilete chumvi, Mheshimiwa amesema nikuandikie hivyo, na amesema pia kwamba utamwambia chakula kinalia vipi na yeye atakwambia kina ladha gani. Mama mkwe anakuja kesho yake. Wewe utakuwa kwenye unga, mimi kwenye karai, Mheshimiwa kwenye kigoda. Viti vyetu ni vinne. Nimeazima cha tano kwa jirani, kwa kuwa safari hii na mimi nakaa.

Chakula ni Jumapili tarehe 28 Juni, saa saba mchana.

Mdogo wako